Ugumu wa Springi Sio Ubora Wake

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo mafundi wenye sifa, wanaoamini kwamba springi iliyo ngumu zaidi ndiyo springi iliyo bora zaidi. Imani hii imeenea katika gereji za Ulaya na Marekani zinazofufua gari za kale za mwendo wa kasi. Imeenea pia katika gereji zetu za visiwani, ambako gari ya mizigo iliyolala nyuma huongezwa jani moja la kamani, kisha jingine, mpaka mwenyewe akaridhika kwamba sasa imesimama. Leo tunakusudia kuitazama imani hiyo kwa makini, kwani haina msingi, na gari inapokwenda kasi huweza kuyagharimu maisha ya watu.

Mfano tutakaoutumia ni gari ya Kiingereza iitwayo MGB. Gari hii ya viti viwili iliundwa katika kiwanda cha Abingdon, karibu na mji wa Oxford, tangu mwaka 1962 hadi mwaka 1980, na jumla ya gari hizo ilipindukia 500,000. Nyingi bado zinatembea, khasa huko Uingereza na Marekani, na kwa kuwa hakuna springi inayodumu milele, springi mpya zake zinaendelea kutengenezwa na kuuzwa kwa aina nyingi mno: ndefu na fupi, laini na ngumu, nyeusi, nyekundu na buluu. Mnunuzi husimama mbele ya aina zote hizo akachagua, mara nyingi, ile iliyoandikwa kwamba ni ya mashindano.

Atasema mwananchi: sisi na gari ya starehe ya Mwingereza, kuna nini baina yetu? Jawabu ni kwamba sheria za chuma hazina uraia. Kinachoipata springi ya MGB katika vilima vya Wales ndicho kinachoipata springi ya gari ya abiria iendayo shamba, ila katika gari nyepesi na ya kasi kosa huonekana mapema na kwa uwazi zaidi. Na ofisa wa Serikali anayetia saini hati za kununulia vipuri, au anayeandika kanuni za barabarani, atakuta katika habari hii jambo linalomhusu yeye khasa.

Tuanze na elimu yenyewe, maana si ndefu. Mtu wa kwanza kuieleza tabia ya springi kwa kipimo alikuwa mtu wa kisiwani kama sisi. Robert Hooke alizaliwa mwaka 1635 katika Isle of Wight, kisiwa kidogo kilichoko kusini ya Uingereza. Mwaka 1676 aliitangaza kanuni yake kwa herufi zilizovurugwa ili asiibiwe, na miaka miwili baadaye, mwaka 1678, akaifumbua: kadiri springi inavyovutwa au kubanwa ndivyo inavyorudisha nguvu. Springi inayofupika sentimita moja kwa mzigo wa kilo 60 itafupika sentimita mbili kwa kilo 120. Hicho ndicho kinachoitwa ugumu wa springi, na fundi asiyekijua kipimo hicho kwa springi aliyoishika mkononi anafanya kazi kwa kubahatisha, hata kama mkono wake ni mwepesi kiasi gani.

Ugumu wa springi ya mviringo, yaani ile ya waya mnene uliozungushwa, hutokana na mambo matatu: unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu huingia katika hesabu kwa kipeo cha nne. Ukiuongeza unene wa waya kwa sehemu moja tu katika kumi, ugumu hupanda kwa asilimia 46. Tofauti hiyo jicho haliioni. Kalipa ya fundi huiona mara moja. Kwa upande mwingine, mtu akiikata springi yenye mizunguko minane akaondoa mmoja ili gari ikae chini, ameifanya ngumu zaidi kwa kiasi cha asilimia 14, na amewacha ncha isiyokuwa na mahali pake pa kukalia. Wapo pia wanaoichoma springi kwa moto wa gesi mpaka ikanywea. Hao wameua matibabu ya joto ambayo chuma kile kilipewa kiwandani, na springi ya namna hiyo haifai tena kubeba roho ya mtu.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza hata mafundi wa miaka mingi. Springi kuukuu iliyochoka haijawa laini, imekuwa fupi. Chuma chenyewe hakipotezi ugumu wake kwa uzee. Kinachotokea ni kwamba, baada ya miaka ya kubanwa na kuachiwa, springi hairudi tena katika urefu wake wa mwanzo, na gari hukaa chini kuliko ilivyokusudiwa. Mwenye gari huona imelala, husikia mgongo wake ukigonga katika mashimo, naye huhukumu kwamba springi zimelegea na zinahitaji kubadilishwa kwa zilizo ngumu zaidi. Kumbe alichopoteza ni urefu. Dawa ya urefu uliopotea ni springi ya ugumu ule ule wa zamani yenye urefu wake kamili. Kosa hili moja la kuchanganya kimo na ugumu ndilo linalozaa makosa mengine karibu yote.

Sisi tunaoishi katika hewa ya chumvi tuna sababu nyingine ya kuziangalia springi zetu, nayo ni kutu. Kutu huula waya, na kama tulivyosema, waya ukipungua kidogo nguvu hupungua sana. Baya zaidi ni kwamba kila kishimo cha kutu ni mwanzo wa ufa. Springi hukunjwa mara maelfu kwa maelfu, na ufa unaoanza kama unywele huishia kwa kuvunjika, mara nyingi pale ambapo ncha ya chini imelala ndani ya kikalio chake na maji yamekusanyika. Huko Uingereza chumvi hiyo huletwa na watu wenyewe, kwani humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Kwetu huletwa na upepo wa bahari bila ya malipo.

Sasa tufike katika kiini cha maneno yetu: kwa nini springi ngumu mno ni mbaya. Kazi ya springi ni mbili. Ya kwanza ni kubeba uzito, na hii kila mtu anaijua. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kulifanya gurudumu lifuate ardhi. Gurudumu likikutana na tuta hutakiwa lipande bila ya kuinua gari zima. Likikutana na shimo hutakiwa lisukumwe chini upesi ili tairi lisiache kugusa njia. Usukani, breki na nguvu ya injini, vyote hufanya kazi kupitia sehemu ndogo ya mpira inayogusa ardhi, isiyozidi sana kiganja cha mkono kwa kila tairi. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, gurudumu likipanda hupanda na bodi, na bodi ikipanda huchelewa kurudi, na katika muda huo mfupi tairi huwa hewani au limegusa kwa wepesi tu. Dereva aliyeshika usukani wakati huo hana alichokishika.

Kipimo cha jambo hili kinaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye penseli. Huangaliwa springi imefupika kiasi gani kwa uzito wa gari ikiwa imesimama, ikipimwa penye gurudumu. Ikiwa ni sentimita 25, bodi ikisukumwa itapanda na kushuka kiasi cha mara 60 kwa dakika. Hiyo ndiyo gari ya raha, kama zile kubwa za Kimarekani. Ikiwa ni sentimita 16, itapiga kiasi cha mara 75. Ikiwa ni sentimita 10, mara 95, na hapo ndipo zilipo gari nyingi za kasi za barabarani. Ikishuka hadi sentimita 6 tu, mapigo hufika kiasi cha mara 120 kwa dakika, na hiyo ni gari ya uwanja wa mashindano, mahali ambapo lami imenyooshwa kwa makusudi na dereva hulipwa kwa kuumizwa mgongo. Anayeichukua springi ya namna hiyo akaitia katika gari ya kwendea kazini hakuiboresha gari yake. Ameipeleka katika barabara isiyokuwa yake.

Ushahidi ulio mzuri kuliko yote katika jambo hili ulitolewa na watu wa mashindano wenyewe. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alitoa mwaka 1962 gari ndogo iliyoitwa Elan, yenye uzito usiofika kilo 700. Gari hiyo ilisifiwa, na hata leo inasifiwa, kwa namna ilivyoshika njia katika kona. Na springi zake zilikuwa laini. Ugumu aliutia katika uti wa mgongo wa gari, yaani chasisi, ili mikono ya magurudumu isiyumbe, na utulivu akauachia shokapu. Basi kama bingwa wa mashindano alichagua springi laini kwa gari ya barabarani, ni nani aliyemfundisha kijana wa gerejini kwamba ulaini ni udhaifu?

Aidha, springi za mbele na za nyuma hazichaguliwi kila moja peke yake. Katika miaka ya 1930 mhandisi mmoja, Maurice Olley, aliyekuwa amefanya kazi Rolls-Royce kabla ya kwenda General Motors huko Marekani, aliuchunguza mwendo wa gari kwa vipimo. Alionyesha kwamba mapigo ya mbele yanatakiwa yawe ya pole kidogo kuliko ya nyuma. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Tuta hukutana na magurudumu ya mbele kwanza, na ya nyuma baadaye kidogo. Nyuma ikiwa na mapigo ya haraka zaidi huifikia mbele, na sehemu zote mbili hupanda na kushuka pamoja. Ikiwa kinyume chake, gari huinamisha kichwa na kuinua mkia kama ngalawa katika mawimbi, na abiria hutapika. Kwa hiyo anayenunua springi ngumu za mbele tu, kwa kuwa ndizo zilizokuwa rahisi dukani, ameuvunja mpango huo bila ya kujua.

Na pana khatari nyingine katika kuvunja mpango. Gari inapoingia kona uzito huhamia upande wa nje. Sehemu iliyo ngumu zaidi, iwe ya mbele au ya nyuma, hubeba mzigo mkubwa zaidi wa uhamisho huo, na matairi yake huchoka kushika kabla ya wenzao. Nyuma ikifanywa ngumu peke yake, mkia huteleza na gari hutaka kugeuka iangalie ilikotoka. Mbele ikifanywa ngumu peke yake, dereva hukata usukani na gari huendelea mbele kana kwamba haikusikia. Katika hali zote mbili mti ulio ukingoni mwa njia haujali nani aliyechagua springi.

Tumesema kwamba habari hii ina fungu la maofisa, na sasa tumelifikia. Nchini Marekani, kuanzia tarehe 1 Septemba 1972, Serikali ya huko ilizitaka gari zote mpya ziwe na bampa zinazoweza kustahimili mgongano wa mwendo mdogo bila ya kuharibika taa na vifaa vingine vya usalama. Mwaka uliofuata kanuni ikaongezwa, bampa zikatakiwa zihimili pigo katika kimo cha kati ya inchi 16 na inchi 20 kutoka ardhini. Makusudio yalikuwa mema, yaani bampa ya gari moja ikutane na bampa ya gari nyingine. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuilaumu nia hiyo.

Lakini MGB ilikuwa gari fupi, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani. British Leyland, kampuni iliyoimiliki, haikuwa na fedha za kubuni gari mpya. Mwaka 1974 iliitia gari ile bampa kubwa nyeusi za mpira na kuinyanyua kiasi cha inchi moja au zaidi kidogo, kwa kubadilisha boriti inayoshika magurudumu ya mbele na namna kamani za nyuma zinavyoibeba gari. Kwa muda ikaondolewa, katika gari nyingi za aina hiyo, ile nondo ya mbele inayozuia bodi isilale upande katika kona. Gari iliyosifiwa kwa miaka kumi na miwili ikawa inalala na kuyumba, na waliokuwa wakiipenda wakaanza kuisema. Mwaka 1976 kiwanda kikairudisha nondo, safari hii mbele na nyuma, na mwendo ukapata nafuu.

Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya bampa ikawa imeandikwa, bila ya mtu kukusudia, juu ya springi, juu ya mlalo wa bodi na juu ya namna gari itakavyoingia kona usiku wa mvua. Waliokaa mezani Washington walihesabu inchi za bampa. Hatudhani kuwa walizihesabu inchi ambazo uzito wa gari ungepandishwa. Lawama yao ni ndogo kuliko ya kampuni, kwani kampuni iliijua gari yake na bado ikaona ni nafuu kuinyanyua kuliko kuibuni upya. Hata hivyo ofisa anayepanga kanuni ya kitu kimoja cha gari angefanya vyema kumwita fundi kabla ya kutia wino, akamuuliza ni vitu gani vingine vitakavyosogea.

Ndiyo maana leo mwenye MGB ya baada ya 1974 hutafuta kwanza springi fupi za kuirudisha chini. Kuitaka gari irudi katika kimo chake cha asili ni jambo la haki. Lakini aangalie anachokinunua. Springi fupi humpunguzia gurudumu nafasi ya kupanda, na kwa sababu hiyo watengenezaji huifanya iwe ngumu kidogo ili gurudumu lisigonge mpira wa kikomo kila penye shimo. Ugumu huo mdogo unaingia katika hesabu. Ugumu wa mara moja na nusu hauna hoja, na shokapu za MGB, ambazo ni za mtindo wa kale zenye mkono unaosukuma mafuta ndani ya kasha, hazikuumbwa kuituliza springi ya namna hiyo. Springi ngumu isiyotulizwa huirusharusha gari kama mpira wa watoto. Wengine, na hao ndio tunaowaunga mkono, huacha springi za ugumu wa kiwandani na badala yake huirudisha boriti ya mbele ya mtindo wa zamani na kamani za nyuma za mtindo wa zamani. Kazi yake ni kubwa na gharama ni kubwa, lakini gari huwa imerudi mahali pake.

Jambo moja zaidi kabla ya kushika spana. Mbele ya MGB, springi haikai juu ya gurudumu. Hukaa juu ya mkono wa chini, karibu zaidi na bodi kuliko gurudumu lilivyo. Kwa hiyo ugumu anaouhisi gurudumu si ule ulioandikwa kwenye springi. Springi ikiwa katikati ya mkono, gurudumu huhisi robo tu ya ugumu wake, kwa sababu nusu ya mwendo huzidishwa kwa nusu ya nguvu. Kwa upande wa kimo hesabu ni hiyo hiyo kinyume chake: kipande cha sentimita moja kikitiwa chini ya springi hunyanyua gari kiasi cha sentimita mbili. Mtu anayelinganisha nambari ya springi ya gari hii na ya gari nyingine, bila ya kupima mikono, analinganisha embe na nazi. Na ile gari yenye paa la chuma, iitwayo GT, ni nzito kuliko ya wazi, nayo ilipewa springi zake; si halali kuzichanganya.

Kabla ya kufungua kitu chochote, gari ipimwe. Isimamishwe juu ya sakafu iliyo sawa, matairi yajazwe upepo unaostahiki, na kwa kila upande upimwe urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Vipimo vinne viandikwe. Upande mmoja ukiwa chini, isihukumiwe springi haraka. Huenda bushi zimekwisha, au chasisi imeliwa na kutu pale kamani inaposhikwa, na hapo springi mpya haitatibu kitu. Wala shokapu isilaumiwe kwa gari kulala, maana shokapu ya namna hii haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza. Springi zikithibitika kuwa zimefupika, zinunuliwe mbili kwa pamoja, za kushoto na za kulia, na mpya zote mbili zisimamishwe mezani zilinganishwe urefu na unene wa waya kwa kalipa. Duka huweza kukosea, na ni bora kosa lionekane mezani.

Tunafika penye khatari, na hapa tunawaomba vijana wetu wa gereji wasome polepole. Springi ya mbele ikiwa mahali pake imebanwa. Tuchukue mfano wa springi inayosukuma kwa kilo 6 kwa kila milimita, iliyobanwa milimita 75: inasukuma kwa nguvu ya kilo 450, na nguvu iliyohifadhiwa ndani yake ni sawa na ya jiwe la kilo 17 linaloanguka kutoka kimo cha mita moja. Ikiponyoka, haitoi onyo. Mikono, meno na macho ya mafundi yamepotea kwa njia hii katika nchi nyingi.

Kwa hiyo gari iwekwe juu ya stendi imara chini ya chasisi, na magurudumu ya nyuma yazuiwe. Mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki nyingine ya sakafuni, pana na nzima, iwekwe chini ya sahani inayoikalia springi, na ibebe uzito wake kabla ya nati yoyote kulegezwa. Mnyororo upitishwe ndani ya springi na ufungwe kwenye boriti, ili ikiponyoka isifike mbali. Baadhi ya bolti za sahani huondolewa na nafasi yake ikatiwa bolti ndefu zenye uzi mrefu, kisha sahani ikashushwa polepole, zamu kwa zamu, mpaka springi ikawa huru. Uso wa fundi usiwe mbele ya springi hata mara moja. Anayesema kwamba amefanya kazi hii mara mia bila ya mnyororo amesema kweli juu ya mara mia zilizopita.

Springi mpya ikiingia, ncha yake ikae barabara katika kikalio, na mpira wa juu uwe mzima. Kisha ipandishwe kwa jeki kwa mpango ule ule wa kushushia.

Kamani za nyuma ni salama zaidi lakini zina ukaidi wao. Bolti ya mbele mara nyingi imeshikana na bomba lake kwa kutu, na mafuta ya kulegezea yatiwe siku moja kabla. Ekseli ishikiliwe na jeki ili isining'inie kwa paipu ya breki. Paipu hiyo ikivutwa mara moja huenda ikapasuka wiki nyingine, penye mteremko. Kichwa cha bolti ya katikati ya kamani kiingie sawasawa ndani ya tundu lake, la sivyo ekseli itakaa mshazari na gari itatembea kama kaa. Majani yaliyokwaruzana kwa kutu yasisahauliwe: msuguano baina yao huifanya kamani iwe ngumu kwa mashimo madogo, na wengi wameilaumu kamani nzuri kwa sababu ya uchafu wake.

Yubolti na bolti zinazopita katika bushi za mpira zisikazwe kabisa wakati gari iko juu. Mpira hukamata mahali ulipokazwa. Ukikazwa magurudumu yananing'inia, gari itakaposhushwa mpira utakuwa umesokotwa, utaishikilia gari juu ya kimo chake, na baada ya miezi michache utachanika. Gari ishushwe chini, isukumwe mbele na nyuma, iwekwe uzito wa watu wawili, ndipo bolti zikazwe.

Springi mpya hukaa kidogo baada ya kutembea. Kwa hiyo vile vipimo vinne vichukuliwe siku ya kwanza, kisha baada ya kilomita 500 vichukuliwe tena, na yubolti zikazwe upya siku hiyo hiyo. Mwelekeo wa magurudumu ya mbele upimwe, kwa sababu kimo kikibadilika nao hubadilika, na tairi jipya huweza kuliwa upande mmoja kabla ya mwenyewe kugundua. Mwisho ziangaliwe taa kubwa. Gari iliyoshuka mbele au kupanda nyuma huangaza vidole vya miguu yake, na iliyofanywa kinyume huwapofusha wanaokuja; zirekebishwe kabla ya safari ya kwanza ya usiku, gari ikiwa imesimama mbele ya ukuta na dereva amekaa kitini pake.